Tanuri la Gesi Linapogoma Usiku wa Baridi

Tarehe 30 Januari 2019, joto la Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, lilishuka hadi nyuzijoto 33 chini ya sifuri, na upepo ukaifanya baridi hiyo iume zaidi. Katika hali kama hiyo ngozi isiyofunikwa huumia ndani ya dakika chache, na nyumba iliyopoteza joto inaweza kugandisha maji kwenye mabomba kabla siku haijaisha. Wakenya wa Brooklyn Park, Wakongo wa Des Moines na Cedar Rapids, Watanzania na Warundi waliohamia Winnipeg na Edmonton kule Kanada, wote wameizoea baridi ambayo wazazi wao nyumbani hawawezi kuiwazia.

Kinachowawezesha kulala usingizi ni mashine ya chuma iliyofichwa chini ya nyumba au ndani ya kabati la ukumbini. Ni tanuri la gesi, ambalo wengi huliita hita tu. Karibu nusu ya nyumba za Marekani hupata joto lake kutokana na gesi asilia. Lakini mashine hii ni ngeni kabisa kwa mtu aliyekulia Mombasa, Bukavu au Tabora. Familia iliyotoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ikapangiwa nyumba Iowa, huonyeshwa jiko, choo na swichi za taa. Tanuri hubaki nyuma ya mlango wake, halijulikani, mpaka usiku linapogoma.

Likigoma, mara nyingi halijafa. Limejizima lenyewe kwa sababu limegundua jambo lisilo salama, au limenyimwa kitu kidogo linachokihitaji: hewa, umeme, njia ya kutolea moshi. Mkazi anayezifahamu hatua zake anaweza kumaliza tatizo kwa dakika kumi bila kumlipa mtu. Na kuna makosa mengine ambayo hapaswi kuyagusa hata akiwa fundi hodari wa magari au redio. Kuyatofautisha makundi hayo mawili ndiyo elimu inayohitajika, na inafaa ipatikane kabla ya baridi kuja.

Mashine hii ina historia ambayo Waafrika wanastahili kuijua. Tarehe 23 Desemba 1919, Alice H. Parker, mwanamke Mweusi wa Morristown, New Jersey, alipewa hataza ya Marekani nambari 1,325,905 kwa mfumo wa kupasha nyumba joto kwa gesi. Siku hizo nyumba nyingi zilitegemea kuni na makaa ya mawe. Mtu alilazimika kuamka alfajiri kuchochea moto, kuzoa majivu na kubeba makaa. Parker alichora tanuri lenye vichomeo kadhaa vya gesi, kila kimoja kikidhibitiwa peke yake, na mifereji ya kupeleka hewa ya moto chumba hadi chumba. Mchoro wake haukutengenezwa kama ulivyokuwa, ila fikra yake ya joto la gesi linalogawanywa vyumbani kwa mifereji ndiyo inayoonekana leo katika mamilioni ya nyumba. Miaka zaidi ya 30 kabla yake, mwaka 1885, Albert Butz, mhamiaji kutoka Uswisi aliyeishi hapo hapo Minneapolis, alibuni kifaa kilichofungua na kufunga mlango wa hewa wa tanuri la makaa kwa kufuata joto la chumba. Kutokana na kazi yake ilichipuka kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama Honeywell. Wahamiaji wanaobonyeza thamostati, yaani kidhibiti joto cha ukutani, mjini humo leo wanatumia kitu ambacho mhamiaji mwenzao alisaidia kukianzisha.

Anayetaka kujua ugonjwa wa tanuri ajifunze kwanza linavyowaka likiwa zima. Thamostati iliyoko ukutani ikihisi chumba kimepoa, hupeleka umeme mdogo wa volti 24 kwenye bodi ya tanuri. Bodi haifungui gesi papo hapo. Kwanza huamsha feni ndogo ya moshi, ambayo huvuta hewa kupitia sehemu ya moto na kuisukuma nje kwa bomba. Swichi ya presha huthibitisha kwamba hewa inavutwa kweli. Ikisharidhika, kiwashio hupewa umeme na kung'aa kwa rangi ya chungwa kwa sekunde kadhaa, ndipo vali ya gesi hufunguka na vichomeo hushika moto kimoja baada ya kingine. Ndani ya moto huo umesimamishwa ufito mwembamba wa chuma, ambao kazi yake ni kuiambia bodi kwamba moto upo. Bodi isipopata habari hiyo ndani ya sekunde chache, gesi hufungwa. Kuta za chuma zinazozunguka moto zikishapata joto, baada ya nusu dakika au zaidi, feni kubwa huanza kuzipulizia hewa ya nyumba na kuisambaza vyumbani. Moshi na hewa ya kupumua havikutani kamwe. Kilichovitenga ni chuma chembamba tu, na jambo hilo litarudi mbele katika makala haya kwa sababu nzito.

Mkazi achukue dakika tano siku moja, asimame karibu na tanuri linapoanza kazi, asikilize: mvumo wa feni ndogo, ukimya, mng'ao, mlipuko laini wa moto, kisha mvumo mkubwa. Aliyezizoea sauti hizo hatapapasa siku likigoma. Atajua limekwama hatua gani, na fundi akipigiwa simu ataelezwa jambo la maana badala ya "hita imekufa".

Makosa mengi ya kwanza hayako hata ndani ya tanuri. Thamostati nyingi hutumia betri ndogo, na betri zikiisha kioo chake hufifia na amri ya joto haitoki. Wakati mwingine mtoto amebonyeza kitufe, thamostati ikahamia kwenye hali ya kupoza nyumba. Kuna pia kitufe cha feni chenye sehemu mbili, ya kujiendesha na ya kuwaka daima. Kikiwekwa kwenye kuwaka daima, feni hupuliza hata wakati moto haupo, na wenye nyumba hulalamika kwamba tanuri linatoa hewa baridi. Tanuri halina kosa. Kukirudisha kitufe hicho mahali pake kunamaliza malalamiko yote.

Umeme nao husahaulika, kwa kuwa watu hudhani mashine ya gesi haihitaji umeme. Bila umeme tanuri la kisasa haliwaki hata gesi ikiwa tele. Pembeni mwake huwapo swichi inayofanana kabisa na swichi ya taa, na watu wanaoingia kutafuta nguo au masanduku huizima wakidhani wamezima taa. Kwenye kasha la umeme la nyumba kuna swichi ya tanuri ambayo huenda imeruka. Tena, mlango wa chuma wa tanuri una swichi ndogo kwa nyuma inayokata umeme mlango usipokaa sawasawa. Aliyebadilisha chujio na kuurudisha mlango kwa haraka hujikuta na tanuri lililonyamaza kimya.

Chujio lenyewe ndilo chanzo cha shida nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ni fremu ya karatasi ngumu yenye kitambaa chembamba, inayochomekwa mahali hewa ya nyumba inaporudi kwenye tanuri. Hushika vumbi, manyoya ya paka na nyuzi za mazulia. Baada ya miezi kadhaa hujaa, na tanuri huhangaika kama mtu anayekimbia huku amezibwa pua. Hewa ikipungua, kuta za chuma zinazozunguka moto hupata joto kupita kiasi. Hapo swichi ya joto hufunguka na kuukata moto, huku feni kubwa ikiendelea kupuliza ili kupoza chuma. Kikishapoa, moto huwaka tena, kisha hukatwa tena. Tanuri linalowaka na kuzima kila baada ya dakika chache, nyumba isipate joto, mara nyingi linalilia chujio jipya.

Vipimo vya chujio vimeandikwa ukingoni mwake, kwa mfano 16x25x1, na hapo hapo huchorwa mshale unaopaswa kuelekea upande wa tanuri. Chujio la unene wa inchi moja hukaguliwa kila mwezi wakati wa baridi na kubadilishwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, kutegemea vumbi la nyumba. Wengi hununua la bei ghali wakiamini ni bora zaidi. Machujio hupimwa kwa kiwango kiitwacho MERV, na kadiri namba inavyopanda ndivyo yanavyokamata chembe ndogo zaidi. Lakini chujio jembamba la MERV 13 likiwekwa kwenye tanuri lisilotengenezwa kwa ajili yake linaweza kulinyima hewa sawa na chujio chafu. Kwa nyumba nyingi za kawaida, MERV 8 linatosha.

Pamoja na chujio yanakwenda matundu ya hewa sakafuni na ukutani. Kochi lililoegeshwa juu ya tundu, zulia lililotandazwa juu yake, au vyumba vitatu vilivyofungwa matundu ili kubana matumizi, vyote huleta matokeo yale yale ya kupasha chuma kupita kiasi. Kufunga matundu mengi hakuokoi pesa.

Vyote hivyo vikiwa sawa na tanuri bado limegoma, kuna mahali linaposema lenyewe. Matanuri ya miongo ya karibuni yana taa ndogo kwenye bodi, inayoonekana kupitia kidirisha mlangoni. Taa hiyo hupepesa kwa hesabu: mara mbili, mara tatu, mara nne, inapumzika, inarudia. Nyuma ya mlango wa chuma imebandikwa karatasi inayoeleza maana ya kila hesabu. Maana hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, kwa hiyo hesabu ya tanuri la jirani haifai. Mkazi ahesabu kabla ya kuzima umeme, kwa sababu katika matanuri mengi kukata umeme hufuta ujumbe. Aupige picha ule mlango na karatasi yake, kisha amsomee fundi kwa simu.

Dalili moja inajulikana sana: moto unawaka vizuri, unadumu sekunde chache, unazima. Tanuri hujaribu tena, mara nyingi hadi mara tatu, kisha hujifungia na kusubiri, kwa kawaida kama saa moja, kabla ya kuthubutu tena. Hapo mshukiwa wa kwanza ni ule ufito wa kutambua moto. Moto una uwezo wa kupitisha umeme mdogo mno, unaopimwa kwa sehemu za milioni za ampea moja, kutoka kwenye ufito hadi kwenye chuma cha vichomeo. Ufito ukipata utando mweupe wa uchafu uliochomwa, umeme huo hupungua, na bodi huamini kwamba hakuna moto. Inafunga gesi kwa tahadhari, ingawa moto uko pale pale.

Tiba yake ni rahisi na iko ndani ya uwezo wa mtu makini. Umeme wa tanuri huzimwa kwenye swichi yake, na mkono wa vali ya gesi iliyo kwenye bomba hugeuzwa ukate bomba, yaani ukae kwa kulikingamia. Ufito kwa kawaida umeshikwa na skrubu moja. Huchomolewa taratibu, husuguliwa kwa nyuzi laini za chuma au msasa laini mpaka ung'ae, hufutwa kwa kitambaa kikavu na kurudishwa. Msasa mzito haufai, maana huacha mikwaruzo inayovuta uchafu mpya. Kazi hii huchukua robo saa. Mafundi huifanya kila mwaka wanapokuja kukagua, na inapaswa kuwa kitu cha kwanza mkazi kuuliza kama imefanywa.

Kama hakuna mng'ao wa rangi ya chungwa kabisa, kiwashio huenda kimepasuka. Kimetengenezwa kwa kitu kigumu lakini chenye kuvunjika upesi, na ufa mwembamba usioonekana vizuri unatosha kukiua. Kipya hakigharimu sana, ila lazima kilingane na tanuri husika, na kisishikwe kwa vidole sehemu inayong'aa, kwa kuwa mafuta ya ngozi huweza kukifupishia maisha. Asiye na uzoefu wa kupima umeme amwachie fundi.

Matanuri ya zamani sana hayana kiwashio cha umeme. Yana ulimi mdogo wa moto unaowaka daima, na pembeni yake kipande cha chuma kinachozalisha umeme kidogo kutokana na joto la ulimi huo ili kuishikilia vali ya gesi. Ulimi ukizimika kwa upepo, huwashwa upya kwa kufuata maelezo yaliyobandikwa kwenye tanuri. Ukikataa kudumu, kile kipande cha chuma kimechoka, na kinabadilishwa.

Feni ndogo inapovuma lakini hakuna kinachofuata, swichi ya presha haijaridhika. Hapa fundi mzembe hubadilisha swichi na kuondoka na pesa, na baada ya siku mbili tatizo linarudi. Mara nyingi swichi inasema kweli: hewa haivutwi inavyotakiwa. Matanuri yenye ufanisi mkubwa, yanayotumia zaidi ya asilimia 90 ya joto la gesi, hutoa moshi uliopoa kiasi cha kuweza kupita kwenye mabomba meupe ya plastiki yanayotokeza ukutani, mara nyingi karibu na ardhi. Theluji ikirundikana usiku, midomo ya mabomba hayo huzikwa. Barafu inayotokana na mvuke wa moshi nayo huifunga taratibu. Wakati wa joto, ndege na nyigu hujenga humo. Kabla ya kumwita fundi asubuhi ya baada ya dhoruba, mkazi azunguke nje na koleo aifukue theluji kuzunguka midomo ya mabomba yote mawili.

Matanuri hayo hayo hutoa maji. Mvuke wa moshi unapopoa hugeuka maji yenye asidi kidogo, yanayotiririka kwa mpira mdogo hadi kwenye shimo la sakafuni au kwenye pampu. Mpira ukiziba kwa utelezi, au ukiganda pale unapopita kwenye ukuta wa baridi, maji hupanda ndani ya tanuri na swichi ya presha hukataa. Sauti ya maji yanayobwabwaja ndani ya tanuri, au dimbwi miguuni pake, ni dalili yake. Kuusafisha mpira huo kwa maji ya uvuguvugu ni kazi ya kawaida ya nyumbani.

Sasa yale yasiyoguswa.

Tanuri likitoa kishindo linapowaka, gesi imekusanyika kabla ya kushika moto. Lizimwe, fundi aitwe. Moto unapaswa kuwa wa bluu na kutulia. Ukiwa wa njano na kuyumba, hasa ukianza kucheza pale feni kubwa inapowaka, kuna uwezekano kwamba kuta za chuma zinazotenga moshi na hewa ya kupumua zimepasuka. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote. Halina gundi wala kiraka. Sehemu hiyo hubadilishwa au tanuri zima huondolewa. Fundi au mtu wa kampuni ya gesi akiligundua, hulizima na kulipachika lebo nyekundu, na familia hukasirika kwa kuachwa kwenye baridi. Amewatendea haki. Vivyo hivyo, vali ya gesi iliyo ndani ya tanuri haifumuliwi na mkazi, na swichi za usalama haziungwi waya ili kuzidanganya. Kila anayefanya hivyo anaiambia mashine isione hatari iliyotengenezwa kuiona. Hata kuzima na kuwasha umeme ili kuliamsha tanuri lililojifungia kufanywe mara moja tu. Likirudi kujifungia, lina sababu.

Hatari inayozungumzwa hapa ni kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, akadhani ana mafua au amekula kitu kibaya. Aliyelala huenda asiamke. Kwa takwimu za kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, zaidi ya watu 400 hufa nchini humo kila mwaka kwa sumu hii kwa bahati mbaya, bila kuhesabu waliokufa katika ajali za moto, na zaidi ya 100,000 hufika vyumba vya dharura. Watu wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania wanaufahamu msiba huu kwa sura nyingine: jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, mlango ukafungwa, asubuhi majirani wakavunja mlango.

Ujuzi huo unaweza kusaliti mtu ugenini. Tanuri limegoma, watoto wanatetemeka, na mkono unakwenda kwenye kitu unachokijua: jiko la mkaa lililotumika kuchoma nyama wakati wa kiangazi, au tanuri la jikoni lililoachwa wazi likiwaka. Februari 2021, dhoruba ya baridi ilipokata umeme Texas, serikali ya jimbo ilihesabu vifo visivyopungua 246, na miongoni mwao walikuwamo waliouawa na kaboni monoksaidi wakijaribu kupata joto. Mkaa, jenereta na gari linalounguruma gereji havina nafasi ndani ya nyumba hata kwa dakika chache. Hita ndogo ya umeme inaruhusiwa, ikiwa imechomekwa moja kwa moja ukutani bila waya wa kuongezea, na ikiwa mita moja mbali na mapazia na vitanda. Familia ilale chumba kimoja, ifungue bomba la maji lidondoke kidogo kidogo ili mabomba yasigande, na kama baridi inazidi, iende kwa ndugu au jirani.

Harufu ya gesi ni jambo jingine, na hapa waliozoea mitungi ya kupikia wana faida, kwani wanaitambua mara moja. Gesi asilia yenyewe haina harufu. Tarehe 18 Machi 1937, gesi iliyovuja bila kunusika ililipuka katika shule ya New London, Texas, na kuua watu wapatao 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo sheria ililazimisha gesi kutiwa harufu kali. Ila kuna tofauti ya kukumbuka: gesi ya mtungi ni nzito na hutuama sakafuni, gesi asilia ni nyepesi na hupanda darini. Kufungua mlango na kupepea chini, kama wengi walivyofundishwa, hakutoshi. Harufu ikiwa kali, watu wote watoke nje. Hakuna kuwasha wala kuzima taa, hakuna kupiga simu ndani. Simu kwa 911 au kwa namba ya dharura ya kampuni ya gesi hupigwa kutoka mbali na nyumba, na kampuni huja usiku na mchana.

Mpangaji ana haki ambazo wageni wengi hawazidai kwa kuogopa kufukuzwa. Minnesota, sheria inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto lisilopungua nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani nyuzijoto 20, kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Chicago ina kanuni yake, kuanzia 15 Septemba hadi 1 Juni. Tanuri likifa, mpangaji amwandikie mwenye nyumba kwa ujumbe wa simu au barua pepe ili tarehe ibaki, na asipojibiwa apige simu kwa idara ya ukaguzi wa majengo ya mji. Kwa wenye kipato kidogo, mpango wa serikali kuu uitwao LIHEAP, ulioanzishwa mwaka 1981, husaidia kulipa bili za joto, na katika majimbo mengi pia kutengeneza au kubadilisha tanuri bovu. Namba 211 huelekeza pa kuomba, na mkalimani wa Kiswahili anaweza kuombwa. Minnesota ina pia kanuni ya msimu wa baridi inayowakinga wakazi waliokubaliana na kampuni mpango wa malipo wasikatiwe joto.

Wakati mzuri wa kuyafanya haya yote ni Septemba, mafundi wakiwa bado na nafasi. Tanuri liwashwe siku moja kwa majaribio, chujio libadilishwe, midomo ya mabomba ikaguliwe, ufito usafishwe. Kengele ya kaboni monoksaidi ibonyezwe kitufe chake cha majaribio na itazamwe nyuma, ambako huandikwa tarehe. Nyingi hudumu kati ya miaka mitano na kumi, kisha hazifai hata zikilia. Sheria ya Minnesota inataka kengele hiyo iwe ndani ya futi 10, kama mita tatu, kutoka kila chumba cha kulala. Nyumba ambayo haina iinunue leo, kabla hata ya kununua chujio.